Ndama wa Pili wa Noeli

Kidia, Old Moshi
9 Septemba 2024

Kwa Binti Raya,
Maabara ya Mifugo, Morogoro.

YAH: DUME LANGU MANGI

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni Elimringi, yule mzee uliyemkuta kwenye kihamba changu cha migomba pembeni ya mfereji, siku ulipopanda huku na Melkior, bwana mifugo wetu. Juzi ulinipigia simu. Nilisikia "halo", baada ya hapo nikasikia nyuki tu. Masikio yangu yamechoka, mwanangu, usinipigie tena. Niandikie. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa mpaka nikastaafu, na mtu akitaka kuniheshimu ananiandikia.

Melkior amenieleza utaratibu. Yeye atamkamua Mangi mbegu, azitie kwenye ule mtungi wake wa baridi unaofuka moshi, ashuke nao hadi stendi ya Moshi, na kaka yako Shakiru wa ofisi ya mizigo aupandishe basi la Morogoro. Basi barua zangu nitazifunga kwenye kamba ya mtungi. Zako nazo zirudi hivyo hivyo.

Ulisema unachunguza mafuta ya mbegu za madume. Pale zizini niliitikia kwa kichwa kwa sababu nilikuwa na wageni, lakini sikuelewa hata kidogo. Mafuta ya wapi? Mbegu si maji?

Mimi ninachotaka kujua ni kimoja tu. Mangi ndiye dume wa mtaa mzima. Jirani akiona ng'ombe wake yuko kwenye joto anamleta kwangu, ananiletea na kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, tunamaliza. Ng'ombe wa Ronald amezaa. Wa mwalimu wa kwaya amezaa. Kila zizi ukipita utaona ndama. Asiyeshika ni Noeli peke yake, na Noeli ni ng'ombe wangu mwenyewe.

Nimemwekesha kwa shemeji yangu Elinipendo, mjane wa mdogo wangu. Wewe ni mtoto wa mjini, labda hujui mambo ya kuwekesha. Ng'ombe ni wangu ila anakaa zizini kwake, maziwa na samadi ni vyake. Ndama wa kwanza wangu, ndama wa pili wake. Huyo wa kwanza alizaliwa vizuri, jike, nikamchukua. Tangu hapo wa pili haji. Maziwa yamekauka, na kila Noeli akipandwa anarudia joto. Watu wameanza kusema mkono wa Elinipendo si mzuri, eti umezika mume na sasa unazika zizi. Mimi ni mzee wa kanisa, siyapendi maneno hayo. Lakini na mimi nina macho.

Kwa hiyo nipimie dume langu unipe jibu la kueleweka. Kama ni zima, nitamtoa Noeli kwa shemeji.

Ni mimi,
Elimringi

*

Morogoro
20 Septemba 2024

Mzee wangu Elimringi,

Shikamoo. Nimepokea mtungi ukiwa na barua yako, na barua nimeisoma kabla ya kufungua mtungi. Nisamehe kwa ile simu. Bibi yangu pale Majengo, Moshi mjini, naye husema simu yangu ina nyuki, kumbe si peke yake.

Nikuelezee mafuta. Mbegu moja ya dume imevikwa utando mwembamba sana, na utando huo ni mafuta. Asubuhi za baridi huko kwenu samli inaganda kwenye kopo mpaka uichokoe na kijiko, ila mafuta ya alizeti yanamiminika tu. Basi utando wa mbegu una mafuta ya namna zote mbili, yale magumu na yale laini, na lazima viwango vyake viafikiane. Mbegu ikifika kwenye yai, utando unatakiwa ulainike, ufunguke, vitu viwili viwe kimoja. Yakizidi magumu, mbegu inaweza kufika mlangoni ikashindwa kuingia. Ndiyo kazi yangu hapa, kutafuta kama mafuta hayo yanaweza kutuambia mapema dume gani atazalisha na gani hatazalisha.

Sasa kuhusu Mangi. Siku ile nilipokuja niliangalia tone moja kwenye hadubini, bado la moto. Mashallah, Mzee! Mbegu ni nyingi, zinakimbia, zinapigana vikumbo kama watu wa Kiboriloni siku ya soko. Sijaona dume la kienyeji lenye mbegu zenye nguvu namna ile. Dume lako ni zima. Majibu ya mafuta nitakuletea zamu yetu ya mashine ikifika, foleni ni ndefu.

Msalimie mama Anaeli hapo nyumbani kwako. Ile ndizi aliyonifungia tuliila watu wa maabara nzima, wakagombana.

Binti yako,
Raya

*

Kidia, Old Moshi
14 Oktoba 2024

YAH: SHUKRANI

Binti yangu Raya,

Mungu akubariki. Barua yako ilifika Jumamosi ya tarehe 5. Jumapili yake baada ya ibada, tulipokuwa kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa, mkungu wa ndizi ulipokwisha kununuliwa niliomba nafasi, nikaisoma mbele ya watu. Sikuisoma yote, ile habari ya samli ingewachosha. Nilisoma pale unaposema mbegu zinapigana vikumbo, watu wakacheka sana, na pale unaposema dume langu ni zima. Nikairudia mara ya pili kwa ajili ya waliokaa nyuma. Ronald alinishika mkono. Melkior naye alikuwepo, nilitaka asimame wamwone maana ndiye aliyekuleta, lakini nilipogeuka alikuwa ameshaondoka.

Elinipendo alikuwa amekaa na akina mama wa kwaya. Watu walimgeukia, naye akaendelea kufunga mayai yake kwenye kitenge.

Kesho yake nikaenda kumchukua Noeli. Sikwenda kwa ubaya, binti. Nilimwambia shemeji, umesikia mwenyewe, mtaalamu ameandika, tatizo haliko kwangu. Akaniambia, "Shemeji, ningojee mwezi mmoja." Nikamuuliza wa nini. Akatazama chini. Mwezi mmoja tu, akasema, halafu umchukue. Nikaona huu ni ujanja wa kunizungusha. Nimengoja vya kutosha, na mtu mwenye sababu huitaja. Nikamfungua Noeli kamba.

Nilifikiri kumwekesha kwa mtu mwingine. Nani atampokea? Kila niliyemuuliza alikuwa na udhuru. Ng'ombe aliyetoka kwenye mkono ule hakuna aliyemtaka. Basi nimemuuza kwa Alawi, mwenye bucha Kiboriloni.

Nakwambia ukweli, nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Lakini jambo limekwisha, na limekwisha kwa haki. Barua yako nimeitia kwenye fremu ya picha ya ubatizo wa mwanangu.

Elimringi

*

Morogoro
28 Oktoba 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na hili. Noeli yuko wapi? Kama Alawi bado hajamchinja, tafadhali mrudishe. Ukimaliza kusoma mstari huu weka barua chini uende.

Majibu ya mafuta yametoka wiki hii. Nimeyarudia, kisha nikampa mwenzangu ayarudie bila kumwambia ni ya dume gani. Yamekuja yale yale. Mafuta laini kwenye mbegu za Mangi ni kidogo mno, na yale magumu yamezidi kuliko ya dume lolote tulilolipima. Mbegu zake zinakimbia kweli, sikukudanganya. Zinakimbia mpaka kwenye yai, halafu hazifunguki. Sijui sababu. Labda ni umri, labda ni chakula, labda ni homa aliyowahi kuugua. Kipimo hiki bado ni kichanga, na mwalimu wangu hataki tuseme neno kubwa. Lakini ukiniuliza mimi Raya, nadhani Mangi hajazalisha ng'ombe yeyote kwa muda mrefu.

Mzee, niliandika "dume lako ni zima" wakati nilichokuwa nimekiona ni nusu. Ningeandika "mbegu zinakimbia, mengine bado", ingetosha. Lakini nilitaka kukufurahisha. Ulikuwa umenikaribisha vizuri, nami nikataka barua yangu iwe na habari njema. Tena uliniandikia habari ya shemeji yako waziwazi, nami nikakujibu habari ya dume tu, kana kwamba yeye hakuwemo kwenye barua.

Naomba uende kwa Alawi.

Raya

*

Kidia, Old Moshi
11 Novemba 2024

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 28 OKTOBA

Binti Raya,

Mashine yako ni mwongo.

Nilikwenda kwa Alawi kama ulivyosema, nikamkuta kwenye bucha lake. Hakunijibu salamu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye karo la kuchinjia, akaniambia, "Mzee, wewe ni mtu mzima, una dini yako. Mbona umeniuzia ng'ombe mwenye mimba nimchinje?" Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia amekwishachinja siku nyingi, na alipomfungua alimkuta ndama. Kadogo, akanionyesha kwa kiganja chake, lakini kana miguu, kana mdomo, kana macho yaliyofumba. Alikafunga kwenye gunia akakazika nyuma ya bucha, kwa kuwa hakuweza kukatupia mbwa. Akasema tangu siku hiyo alikuwa anataka kupanda huku kunitafuta, akaona akija na hasira zile atanivunjia heshima.

Sasa niambie. Noeli alikuwa na mimba. Hajawahi kupandwa na dume mwingine, mtaa huu hakuna dume mwingine. Kwa hiyo mimba ni ya Mangi. Nawe unaniandikia kwamba Mangi hazalishi! Ungeniandikia tangu mwanzo kwamba hujui, nisingeuza ng'ombe. Ungesema Mangi ni mzima ukabaki hapo hapo, ningejua pa kusimama. Umesema huku na huku, na katikati nimechinja ndama.

Na yule ndama, kama umesahau hesabu za kuwekesha, alikuwa wa pili. Hakuwa wangu. Alikuwa wa Elinipendo.

Sijamwambia. Sijui nitamwambiaje.

E.

*

Morogoro
19 Novemba 2024

Mzee wangu Elimringi,

Shikamoo, na pole. Nimelia kwa ajili ya hako kandama, sitakuficha.

Una haki ya kunikasirikia, na hasira yako nimeipokea. Lakini majibu siwezi kuyabadilisha ili tupatane. Nilishafanya hivyo mara moja, nikaandika neno la kupendeza, na umeona lilipotufikisha. Mbegu za Mangi nimezipima tena kutoka kwenye mtungi wa pili. Ni zile zile.

Kwa hiyo naomba nikuulize maswali mawili, na sikuulizi kwa kiburi. Shemeji yako alikuomba mwezi mmoja. Mtu anayekuzungusha haombi mwezi mmoja, anaomba mpaka mwakani. Mwezi mmoja ulikuwa wa kungojea nini?

La pili, Mzee, muulize Melkior. Ule mtungi wa baridi anaotuletea mbegu za Mangi, siku zote ulikuwa na kazi gani kabla mimi sijaja? Huwa umebeba nini ndani?

Ningeweza kumpigia simu Melkior nikamuuliza mwenyewe. Lakini naona jibu hili linatakiwa lisemwe kwako, nyumbani kwako, si lipite Morogoro kwanza.

Raya

*

Kidia, Old Moshi
2 Desemba 2024

Mwanangu Raya,

Leo sina kichwa cha barua.

Nilimwita Melkior nyumbani. Nilimpa kiti, nikampa na chai, nikamuuliza kama ulivyoniuliza. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mzee, mtungi ule una mbegu za chupa. Za madume ya serikali. Ndiyo kazi yangu, ninapandisha ng'ombe kwa mrija." Nikamwambia hilo nalijua, anapandisha kule bondeni. Akasema, "Na huku pia."

Huku wapi? Kwa Ronald. Kwa mwalimu wa kwaya. Zizi baada ya zizi alinitajia, nami nikawa naitikia kama mtu anayeitikia majina ya marehemu. Wote, mwanangu. Wanamleta ng'ombe wao kwa Mangi mchana, tunakunywa mbege, wananishukuru. Jioni wanamwita Melkior, anapita njia ya chini ya migomba nisimwone. Ndama wote niliokuwa nawapigapiga mgongoni nikisema huyu ana paji la Mangi, hakuna hata mmoja wa Mangi. Walishagundua zamani kwamba dume langu halizalishi. Hakuna aliyetaka kuniambia. Walisema, tumwambieje mzee? Tumvunjie heshima kwa ajili ya ng'ombe?

Nikamgeukia mke wangu. Anaeli alikuwa anamenya ndizi. Nikamuuliza, wewe ulijua? Akasema, "Ungetaka nikuambie nini, baba?" Akaendelea kumenya.

Elinipendo peke yake ndiye aliyekuwa hana uwezo wa kulipia chupa. Akabaki na Mangi. Ndiyo maana zizi lake tu lilikuwa tupu, na mtaa mzima, wanaojua sababu, wakaacha isemwe kwamba ni mkono wake. Ronald alinishika mkono siku ile ya mnada, unakumbuka nilikuandikia. Alikuwa anajua.

Mwishoni mwa mwezi wa saba shemeji aliuza kuku wake, akamwita Melkior. Noeli akashika. Ule mwezi mmoja ulikuwa wa Melkior kuja kumpima kwa mkono, wawe na hakika. Mbona hakuniambia pale pale? Nimeuliza hilo nikajijibu mwenyewe. Ningesema, nani amekuruhusu kumpandisha ng'ombe wangu kwa siri? Dume langu lina nini? Ningesema hivyo, na ningemchukua Noeli vile vile. Alinijua kuliko nilivyojijua.

Jana nilikata sale. Hilo nalo nikueleze. Kwetu sisi Wachagga sale ni lile jani refu linalopandwa mipakani na makaburini. Mtu aliyekosa akikuletea sale, humkatai. Hata kama alikuchomea nyumba. Nilikwenda nalo kwanza kanisani. Kwenye mnada niliomba nafasi tena, nikasoma barua yako ya tarehe 28 Oktoba, yote mara hii, na samli nikawaelezea. Nikasema alichokikuta Alawi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenitazama pia. Melkior alisimama nyuma kabisa, na safari hii hakuondoka.

Kisha nikaenda kwa Elinipendo na jani langu, na yule mtamba wa Noeli nikimvuta kwa kamba, ndama wa kwanza, yule niliyemchukua. Nikamwambia huyu si wa kuwekeshwa, ni wako wewe na watoto wako. Alilipokea sale kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mtamba akamfunga. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Desturi inasema nimeshasamehewa. Mbona silali?

Elimringi

*

Morogoro
16 Desemba 2024

Mama Elinipendo,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Raya, yule msichana wa Majengo aliyekuja kumpima Mangi, nikapita mbele ya zizi lako na Melkior. Ulikuwa unakata majani ya Noeli, ukasimama ukatusalimia. Nilimwona Noeli. Nilimpita.

Mimi ndiye niliyeandika kwamba dume ni zima. Kwa neno langu ulinyang'anywa ng'ombe na ndama wako, na watu wakakugeukia kanisani. Mzee Elimringi anabeba lake, lakini bila barua yangu asingekuwa na cha kusoma. Kwenye maabara tunafundishwa kutosema zaidi ya tulichokiona. Nilikuwa nalijua hilo, na nilisema zaidi.

Naomba unisamehe. Nimesikia habari ya sale. Nimemwomba kaka yangu Shakiru anitafutie jani hapo Kiboriloni, na mtungi ukirudi likufikie. Mimi si Mchagga, sijui kama jani langu lina nguvu kama lenu, lakini sina njia nyingine ya kukuonyesha kwamba ombi hili linatoka moyoni.

Mwanao,
Raya

*

Kidia, Old Moshi
3 Februari 2025

Binti Raya,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Nilianza hii barua kabla ya Krismasi nikaichana.

Jani lako lilifika na Shakiru. Nimemrudishia. Usiudhike, nisikilize.

Shemeji aliponiletea sale nililipokea, nawe usidhani nilikuwa na la kuchagua. Halikataliwi. Mkono unanyooka wenyewe, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mkono ulipokea, moyo ulikuwa bado uko Kiboriloni nyuma ya bucha. Niliingia ndani nikafunga mlango kwa sababu hiyo. Krismasi ukoo wote ulikuja, kila mtu ananisifu, Elinipendo umesamehe, una moyo mkubwa. Akina Ronald wakaniletea nyama, wakaniletea sukari. Hakuna aliyeniuliza kama nimesamehe. Jani lilishajibu kwa niaba yangu. Hao wanaojua yote tangu mwanzo, walioacha jina langu lisagwe kwa miaka ili mzee mmoja asione aibu, hawakuleta hata jani. Walijificha nyuma ya jani la shemeji.

Kwa hiyo niliposikia na wewe unaniletea sale nikakasirika kweli. Nikasema huyu naye anakuja kunishika mkono ninyamaze.

Barua yako lakini niliitunza. Pale uliposema ulimwona Noeli ukampita, niliposoma hapo nilikaa chini. Hakuna mwingine aliyesema amempita.

Sasa nikupe habari. Yule mtamba, mtoto wa Noeli, ameanza joto wiki iliyopita, asubuhi. Nilimtuma mtu amwite Melkior. Nikamwambia, Melkior akikuuliza njia ya kupita, mwambie apite barabara ya juu, mbele ya nyumba ya shemeji, mchana huu huu, na mtungi wake begani kila mtu auone. Nilisimama mlangoni kungoja. Sijui, labda nilitaka ugomvi.

Nilimwona Melkior anatokea kwenye kona, na hakuwa peke yake. Shemeji alikuwa naye. Ule mtungi walikuwa wameushika wawili, mmoja upande huu na mmoja upande ule, mzee anachechemea, kofia imemkaa vibaya. Ronald alikuwa anapalilia pembeni ya barabara, akasimama na jembe lake akawatazama wakipita. Walipofika, shemeji hakuingia zizini. Aliuweka mtungi chini, akaniambia, "Shemeji, ng'ombe ni wako. Sema wewe." Nikasema, Melkior, ingia.

Shemeji alikaa juu ya jiwe akingoja mpaka kazi ikaisha, nikampa maji ya kunywa. Nilipopokea kikombe nikajikuta sina tena neno juu yake. Sikuambiwa na jani. Limetoka lenyewe.

Mangi bado yupo. Watu wanamwambia shemeji amuuze kwenye mnada wa ng'ombe wa Kwa Sadala, yeye anasema ng'ombe hajakosa kitu. Anamlisha majani ya migomba na kukaa naye. Na mimi naona ni sawa.

Mtamba bado sijui kama ameshika. Melkior atampima mwezi wa nne. Nimekataa kuulizwa kabla ya hapo.

Wewe bado nina neno juu yako, nisikudanganye, ila limepungua. Shakiru anasema utakuja Moshi baada ya mfungo, kumwona bibi yako. Panda mpaka huku. Maziwa sina, chai ya rangi ipo. Ila usije na jani. Njoo mikono mitupu, tukae, tutazamane, ndipo nitakapojua kama nimekusamehe.

Ni mimi,
Elinipendo